Vifungo Vitano vya Sinalei

Basi la Apia lilikuwa limejaa, kwa hiyo Losa akakaa mapajani mwa bibi asiyemjua, kama ilivyo desturi ya Samoa. Kando yao, mjane Akenese aliyaombea magoti ya bibi huyo yasichoke.

Mjukuu mdogo wa bibi huyo, Sinalei, aliyesimama mbele yao, alikwisha kuwatangazia abiria kwamba leo ataingia kanisani, kwenye mazoezi ya nyimbo, amevaa mwenyewe. Gauni lake jeupe lilikuwa na vifungo vitano kifuani, vyote wazi. Bibi akanyoosha mkono kumfungia, Losa akaushika.

"Mwache, bibi. Ndiyo kazi yangu hospitalini, kuwafundisha watoto kuvaa na kula wenyewe. Anza na cha chini, mwanangu, hicho unakiona vizuri."

"Umenikalia mapajani, binti, na bado wataka kunifunza kulea?"

"Kwani utamfungia vifungo mpaka siku ya harusi?"

"Nikiwa hai, hata mumewe nitamfungia."

Akenese akacheka nyuma ya kitabu cha nyimbo, ingawa vidole vyake navyo vilimwasha kwa hamu ya kusaidia. Kifungo cha nne kilikuwa kimeingia basi liliposimama mbele ya kanisa. Losa akainuka. Bibi hakuinuka.

"Dereva, tuvumilie, baba," aliita. "Kimebaki kimoja, na mtu asimguse."