Oili ya Gari la Rispa Inatoka Wapi

Benchi langu liko Migori, pale barabara ya vumbi ya kwenda Karungu inapoachana na lami. Ni ubao mmoja juu ya mawe mawili, na ubao wenyewe nilinunua mimi, si hawa wanaoukalia. Nauza kahawa chungu ya vikombe vidogo, na wanaume wakishakunywa kikombe kimoja wanajua kila kitu. Mwaka ule mvua ya El Nino ilikuwa imekula madaraja, na pikapu ya Rispa ilikuwa inavuja oili. Rispa ni mke wa marehemu mwanangu. Pikapu hiyo ndiyo aliyoachiwa. Ndiyo inayobeba omena, wale dagaa, kutoka ziwani, na omena ndiyo inayolisha wajukuu wangu. Asubuhi hiyo ilisimama mbele ya benchi, na chini yake wanaume wa benchi walikuwa wameweka sufuria yangu ya maziwa kukinga matone. Hawakuniomba. Tone, kimya, tone, kama mbuzi anayekojoa kwa hila. Na mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa njiani kutoka Homa Bay kuja kuichukua, kwa sababu wanaume watatu walikuwa wameamua kwamba injini imekufa.

Watatu wenyewe ni hawa. Angwenyi, fundi wa kando ya barabara, tunamwita Spana Moja: ana spana moja tu na boliti zote lazima zikubali. Werema, mzee Mkuria aliyeendesha lori la tumbaku, tunamwita Breki, kwa sababu lori lake halikuwa nazo. Na Stanley, mtoto wa shemeji yangu, tunamwita Korti. Aliwahi kushtakiwa kwa ng'ombe wa mtu, na tangu siku hiyo anaongea kama ndiye aliyekuwa hakimu. Huyo Korti ndiye aliyemwita mnunuzi. Mimi wananiita Dani, yaani bibi, ila Korti huniita Mama.

Rispa alikuwa amekaa kwenye kiti cha dereva, mlango wazi, miguu nje.

Spana Moja: Hiyo ni sili ya nyuma, ile raba inayozuia oili isitoke. Angalieni inapodondokea, kati ya injini na giaboksi. Hapo hakuna mjadala.

Mimi: Si ulibadilisha sili ya nyuma wiki iliyopita?

Spana Moja: Nilibadilisha, Dani.

Mimi: Na inavuja.

Spana Moja: Inavuja, ndiyo. Lakini sasa inavuja na sili mpya.

Breki: Wewe Angwenyi hujui kitu. Ni sampu, lile bakuli la oili huku chini. Nilipoazima hii gari kwenda Lambwe kuleta makaa, jiwe lilipiga pale chini, paa! Nikajua imeumia. Nikapaka sabuni ya kipande.

Mimi: Ikanyamaza?

Breki: Ikatoa povu.

Mimi: Kwa hiyo uliiogesha.

Breki: Dani, usicheke. Dalili ya mvua ni mawingu. Povu ni dalili kwamba sabuni imefika.

Spana Moja alilala chini tena, kifua juu, kichwa chini ya gari. Breki naye akalala upande wa pili. Wote wawili walikuwa wameshinda chini ya gari hilo siku nne kama kuku wanaoatamia. Suruali zao zilikuwa na oili nyingi kuliko injini.

Breki: Hapana. Nimeona sasa. Si jiwe.

Spana Moja: Si nilikwambia?

Breki: Ni oili yenyewe. Mlinunua wapi?

Rispa: Sirari.

Breki: Ndiyo hiyo! Oili ya magendo haitulii. Imezoea kukimbia. Ilitoroka forodha, ikatoroka polisi, sasa mnataka ikae kwenye injini?

Spana Moja: Yawa, mzee, oili ni oili.

Breki: Nimeendesha lori miaka mingi kuliko meno yako. Oili ya Tanzania ikisikia iko Kenya inatafuta njia ya kurudi. Tazama inaelekea upande gani. Inaelekea Sirari!

Ilikuwa inaelekea Sirari kwa sababu barabara inateremkia huko. Hata mkojo wa punda unaelekea Sirari. Nilimwambia hivyo. Akaniambia mwanamke haelewi mambo ya mipaka.

Mimi: Na nyinyi mnaolala chini tu, huko juu mnaogopa nini? Fungueni boneti muangalie.

Spana Moja: Juu hakuna kitu, Dani. Kila asubuhi nafungua mimi mwenyewe, naongeza oili, nafunga. Kitu kinachovuja kinavuja chini. Hata paa la nyumba, maji yanaangukia wapi? Chini.

Mimi: Na ukiziba paa unapanda wapi? Unaziba sakafu?

Spana Moja alichukua sufuria yangu, akamimina oili kwenye kopo lake, akairudisha. Alifanya hivyo kila siku. Nguzo zote za boma lake zilikuwa zimepakwa oili nyeusi ya gari la Rispa kuzuia mchwa, na boma lenyewe bado lilikuwa na nguzo nyingi za kupaka.

Mimi: Angwenyi, nguzo zako zikiisha, gari litapona?

Spana Moja: Dani unanitukana.

Mimi: Bado. Ngoja nimalize kuwasha makaa.

Hapo Korti akaweka kikombe chini. Alikuwa anangoja muda wake. Akasafisha koo kama anasoma hukumu.

Korti: Ndugu zangu. Mama. Nimewasikiliza. Huyu anasema sili, huyu anasema Sirari. Lakini kuna jambo mnaogopa kulitaja. Hii gari ina chira.

Breki ni Mkuria na Spana Moja ni Mkisii, lakini mtu ukikaa Migori unajua chira. Ni ile laana inayomkondesha mtu aliyevunja mila, anakauka mpaka anaisha. Hutanii nayo.

Korti: Mwenye gari alikufa. Mjane amekataa kurithiwa na mtu wa ukoo. Nimemwambia mara ngapi, niko hapa, mimi ni shemeji yake wa halali. Amekataa. Badala yake anaendesha gari la marehemu mpaka ziwani na kurudi. Sasa gari linalia. Hiyo si oili. Hayo ni machozi.

Breki: Machozi meusi?

Korti: Ya marehemu yangekuwa na rangi gani? Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na huu ufa wote mnaujua. Umekaa hapo kwenye kiti cha dereva.

Rispa: Shemeji, mimi ni ufa?

Korti: Nimenukuu wahenga tu.

Rispa: Wahenga walikwambia pia nisifungue boneti?

Kwa wasiojua: Korti alikuwa amemkataza. Matanga yalipoisha tu, alisimama mbele ya watu akasema mjane anaweza kukaa kwenye kiti, anaweza kushika usukani, lakini hawezi kufungua boneti ya gari la marehemu mpaka atakapokubali mtu wa ukoo. Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Rispa akaogopa, akatii. Ndiyo maana kila anayeongeza oili alikuwa mwanaume. Mimi nilikuwa na kilio siku hiyo, sikubisha, lakini leo sikuwa na kilio.

Mimi: Stanley. Hiyo mila ya boneti ulirithi kwa nani?

Korti: Ni mila yetu, Mama.

Mimi: Babu yako alikufa bila kuona hata baisikeli. Boneti aliiona wapi?

Spana Moja alicheka, kahawa ikamtoka puani. Korti hakucheka.

Korti: Chekeni. Mnunuzi anafika mchana. Anachukua gari, machozi yanaenda nayo, nyumba inabaki safi. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Rispa: Na mimi nitabeba omena na nini?

Korti: Mama zetu walibeba kwa kichwa.

Mimi: Mama yako alibeba kwa kichwa, ndiyo. Shingo yake uliiona? Nilimwosha mimi alipokufa. Shingo ilikuwa imezama mabegani kama ya kobe. Usinitajie kichwa cha mama yako hapa.

Nilikuwa nimeshika koleo la makaa. Nadhani aliliona, maana alisogea hadi mwisho wa ubao. Kisha akatoa chupa ya soda mfukoni, imezibwa kwa karatasi. Ndani kulikuwa na maji ya kijani: manyasi, ile dawa ya mitishamba ya kuondoa chira. Alisema ataunyunyizia moyo wa gari kabla halijauzwa, ili chira isimfuate mnunuzi. Alimhurumia mnunuzi, unaona.

Mimi: Chira naijua. Nimezika watu wake. Inaingia kwenye nyama. Kwenye chuma inaingia kutu.

Korti: Angwenyi, fungua boneti.

Wakafungua. Siku nne nawaambia waangalie huko juu, wanakataa. Sasa wamefungua ili wamwage majani. Wakasimama watatu mbele ya injini kama wanaombea maiti. Korti akashika chupa juu.

Hapo ndipo alipofika mama mmoja ambaye hatukumjua, ana kikapu cha kuku wawili mkononi. Baadaye alituambia anaitwa Milka, anatoka Magunga. Alikuwa anatafuta gari la kumfikisha Karungu, kwa binti yake aliyejifungua.

Milka: Hamjambo. Hii ndiyo inaenda Karungu?

Korti: Haiendi popote, mama. Ina matatizo ya ukoo.

Yeye alikuwa amechoka, akaweka kikapu, akaegemea ubavu wa gari, akachungulia ndani kama mtu anavyochungulia chungu cha jirani.

Milka: Na hili gunzi ni la nini?

Nikaja na koleo langu. Na kweli. Juu kabisa ya injini, pale penye mdomo wa kutilia oili, palikuwa pamechomekwa gunzi la mahindi. Limelowa chepechepe, jeusi. Oili ilikuwa imeruka pembeni yake, imemwagika kwa nyuma ya injini kama uji uliofurika, inateremka ukutani mpaka kule kwenye sili mpya, kule kwenye sabuni ya Breki, na kwenye sufuria yangu.

Spana Moja: Ni la kuziba.

Milka: Kuziba nini?

Spana Moja: Mdomo wa oili.

Alisema bila aibu. Huku kwetu kila dumu limezibwa kwa gunzi: la maziwa, la mafuta ya taa, la pombe. Mtu akiona gunzi mdomoni mwa kitu anaona kizibo. Haoni gunzi.

Milka: Na kifuniko chake kiko wapi?

Nimeuza kahawa pale miaka mingi. Sijawahi kuona wanaume wa benchi langu wakitazama viatu vyao namna ile.

Mimi: Mgeni ameuliza. Angwenyi?

Spana Moja: Mimi nililikuta.

Mimi: Kila asubuhi ulikuwa unalitoa, unatia oili, unalirudisha?

Spana Moja: Nililikuta pale, Dani. Nikajua ndiyo mtindo wake.

Mimi: Werema?

Breki: Nilipoongeza oili kule Lambwe... nililikuta.

Mimi: Stanley. Wewe ulilipeleka gari matangani Homa Bay. Ulirudi unajisifu kwamba umetia oili kwa mkono wako.

Korti: Mama, hata mimi nililikuta.

Mimi: Kwa hiyo lilimea? Lilipandwa humo, likapaliliwa, likazaa? Mlivuna lini?

Rispa alishuka. Alimpita Korti bila kumgusa, akang'oa gunzi, akaliweka mkononi mwa Korti, juu ya ile chupa ya manyasi.

Rispa: Shika, shemeji. Mpe mnunuzi wako.

Korti: Rispa, mila inasema boneti...

Mimi: Sema mila moja tu. Moja tu, Stanley. Koleo bado lina moto.

Rispa aliomba mafuta yangu ya taa, akafuta injini kwa kitambaa mpaka chuma kikaonekana rangi yake. Nikampa kifuniko cha kopo langu la majani ya chai. Akakikunja kingo, akakifunga kwa ukanda wa mpira wa tyubu ya baisikeli, akavuta mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Akawasha. Akaacha injini ingurume. Nilimmiminia Milka kahawa, akainywa polepole hadi machicha, na sufuria yangu ikabaki kavu.

Rispa: Mama wa kuku, panda mbele. Tunaenda Karungu, na nikifika Sori, huko ziwani, natafuta kifuniko cha kweli.

Akafunga boneti mwenyewe, kwa kishindo, wanaume wakashtuka. Alipoondoka vumbi liliwafunika wote watatu, na sikuwapa maji ya kunawa.

Walirudi kukaa. Spana Moja alikuwa anatazama kopo lake la oili kama mtu aliyefiwa. Breki alisema sasa ni wazi, tatizo lilikuwa Sirari tangu mwanzo. Korti alikuwa bado ameshika gunzi. Alijaribu kulitupa, likamganda kwenye vidole. Kwa mbali tukaona lori la mnunuzi linateremka kutoka upande wa Homa Bay, linakuja kuchukua gari ambalo halipo.

Korti: Mama, niongezee kahawa.

Mimi: Imeisha.

Korti: Lakini birika inachemka. Tunaisikia.

Niliifunika birika, nikaiweka nyuma ya miguu yangu.

Mimi: Imeisha, Stanley. Nimeikuta hivyo.