Ute wa Mwani

Basi lilipoondoka, mama mwenye bandeji mguuni alianza kumlalamikia abiria mwenzake. Kwenye kiti cha nyuma yao, tabibu kijana mwenye shahada mbichi alijikunyata, maana mguu ule aliufunga yeye.

"Kaniwekea kitambaa cha mwani, dada. Akanihutubia mpaka nikasinzia! Sasa kila asubuhi natoa usaha mzito kama uji."

"Una hakika ni usaha?"

"Kwani usaha siujui? Naufuta wote, nasugua na chumvi. Leo nanunua vidonge, navisaga, namwagia unga humo humo."

"Mrudie kwanza yule mtoto wa watu."

"Aniongezee hotuba?"

Kijana alitamani kiti kimmeze. Alikuwa amesimulia safari yote ya mwani tangu baharini, akasahau kusema kwamba mwani ule ukilowa hugeuka ute, na ute ndio unaokilinda kidonda. Mtu aliyeapa kuuponya ulimwengu ameshindwa na mguu mmoja!

Basi likasimama. Akamwahi mama mlangoni.

"Shikamoo, mama. Ni mimi, yule wa hotuba. Nina maneno matatu tu: usiufute ule ute."

Mama akamkazia macho, mguu mmoja ngazini. "Marahaba. Kumbe kufupisha unaweza!"