Bwana Fukua na Mtaa Wake wa Mazoezi

Marehemu ndugu yetu, ambaye mji mzima ulimjua kwa jina la Bwana Fukua, alizaliwa tarehe 14 Agosti 1951, mtoto wa pili kati ya watatu. Baba yake alikuwa fundi mwashi, mama yake alishona nguo barazani. Aliyembeba mgongoni ni dada yake mkubwa, na dada huyo anakumbuka vizuri kwamba hata akiwa mchanga hakulala kama watoto wengine. Alifumba jicho moja, la pili akaliacha wazi kidogo, kuona kama anayemwimbia ana hila. Alipoanza kusema, ukimwambia sufuria ni tupu alikwenda kufunua mfuniko. Ukimwambia baba amelala, alikwenda kusikiliza mkoromo. Baba alicheka akasema, "Huyu atakuja kuwa askari." Mama akajibu huku anapiga cherehani, "Au mama mkwe."

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1959 hadi 1965, akamaliza sekondari mwaka 1969. Siku moja mwalimu wa jiografia alimkuta ameingia nyuma ya ramani iliyotundikwa ukutani.

"Unatafuta nini huko?"

"Natazama mlichotuficha, Mwalimu."

Alipata viboko vyake. Lakini darasa zima lilichungulia baadaye, na nyuma ya ramani palikuwa na ufa wa kupitisha mkono. Kuanzia 1970 hadi 1973 alisomea ujenzi wa barabara, mitaro na mabomba katika chuo cha ufundi. Dada yake, aliyeishia darasa la saba kwa sababu baada ya hapo nafasi ilikuwa ya wavulana, ndiye aliyempigia pasi shati la siku ya kuhitimu. Kola ilisimama yenyewe. Asiyeamini aitazame picha iliyo kwenye jalada la ratiba hii.

Mwezi wa Januari 1974 aliajiriwa na idara ya ujenzi ya manispaa, na miaka michache baadaye akawa mkaguzi. Kazi yake ilikuwa ya kushuku. Bomba likishalazwa na kufunikwa udongo, kila aliyelilaza anakuwa malaika. Zege likishamwagwa, nani atajua ndani mna nondo ngapi? Kwa hiyo sheria ya kazi ni kwamba mkaguzi aone kwanza, ndipo kifukiwe. Wakandarasi walijua sheria, na walijua pia saa anayokwenda kula. Alikuwa akirudi anakuta udongo umeshashindiliwa na watu wanajipangusa jasho wakitabasamu.

"Mzee, tumeshafukia."

"Naona. Fukua."

"Mzee, bomba liko sawa kabisa, haki ya Mungu."

"Basi litafurahi kuniona. Fukua!"

Hivyo ndivyo jina lilivyomshika. Aliyemletea soda baridi alirudishiwa, akaulizwa, "Leo kuna nini chini?"

Tarehe 6 Desemba 1980 alifunga ndoa na mwalimu wa shule ya awali, ambaye leo ni mjane wake. Harusi ile ilibaki kidogo ivunjike kabla haijapangwa. Siku ya posa, wakati wazee wanasalimiana, yeye alitoa ufunguo mfukoni akaanza kugonga ukuta wa sebule, ko, ko, ko, hatua kwa hatua, sikio limebandikwa. Shangazi yake alimkanyaga mguu. Hakuacha. Kisha akamgeukia baba wa binti, "Baba, samahani, upande huu fundi alikupunja saruji." Yule mzee akamwita binti yake kutoka chumbani. "Mwanangu, huyu ama ni mwehu ama ni mkweli. Amua mwenyewe." Binti akamtazama mgeni, akautazama ukuta. "Nitamchukua, baba. Wehu nitauzoea." Ukuta ule ulirekebishwa kabla ya harusi, na mgongaji ndiye aliyeshika mwiko.

Mwaka 1992 manispaa ilimpa jukumu la kufundisha. Waliokuja kwake walikuwa wachoraji wa mitaa, wasimamizi wa ujenzi na wakaguzi wapya, na aliwafundisha kubuni, kujenga na kukagua kwa pamoja, maana alisema anayechora bila kuwahi kushika beleshi huchora ndoto. Marafiki hakuwaruhusu wakaguane. Lakini aliona kwamba darasani hakuna kinachoshukiwa; ubaoni kila mtaro unateremka vizuri. Ndipo alipopewa kiwanja nyuma ya karakana ya manispaa, akajenga mtaa.

Ulikuwa mtaa mfupi, mzuri wa kutazama: lami nyeusi, mitaro pande zote mbili, kalvati, bomba la maji taka chini kwa chini, na chemba zenye mifuniko ya chuma. Na ulikuwa mbovu kwa makusudi. Mahali fulani bomba lilipanda badala ya kuteremka. Chemba moja haikuwa na plasta chini. Kalvati lilinyimwa nondo. Wanafunzi waliachiwa mtaa ule na vipimo vyao, wakaambiwa waukague tu; kwamba ubovu ni wa makusudi hawakuambiwa. Aliyeukosa alirudia mafunzo; aliyeuona aliambiwa utarekebishwa. Ubovu wote ulipo aliujua yeye peke yake. Alitumia mafundi tofauti kwa kila kipande ili pasiwepo fundi anayejua vyote, na hakuweka hata kibao, kwa kuwa kibao kingemnong'oneza mwanafunzi. Mkewe alipomwuliza chakulani, alijibu, "Na wewe una binamu anayesoma kwangu." Mkewe akamwambia basi akamwombe chumvi mtu mwingine.

Mwezi wa Machi 2004 figo zilimlaza hospitali ya mbali. Wakati huohuo manispaa ilikuwa imemaliza nyumba mpya za wapangaji upande wa juu wa kile kiwanja, na siku ya kuzifungua ilikuwa imeshatangazwa ilhali maji taka hayana pa kwenda. Mkuu wa idara ya ujenzi alishuka akauona mtaa. Mitaro ipo, bomba lipo, lami inang'aa. "Mnangoja nini? Unganisheni hapa, hadi bomba kuu la mji." Msaidizi mmoja, aliyepita kwenye mafunzo yale, aliuliza kama umekaguliwa. Akajibiwa, "Kaujenga Bwana Fukua mwenyewe. Wewe nani umkague?" Wakaona haya, wakaunganisha. Watu waliofundishwa kumshuku kila mtu walishindwa kumshuku mwalimu wao.

Mvua zilipoanza, uchafu ulipanda lile bomba kinyume ukatokea majumbani, vyooni na jikoni. Marehemu alikuwa ndiyo kwanza ametoka hospitali, anatembea ameshika ukuta. Mama mmoja mpangaji alimjia hadi mlangoni, kanga imelowa hadi magotini.

"Wewe! Za wenzako unafukua kwa ufa wa unywele, yako ndiyo hii? Umekula na nani?"

Na katika mkutano wa wapangaji mkuu wa idara alisimama akasema kwamba mtaa ule ulijengwa na mkaguzi wao mwenyewe. Neno lilikuwa la kweli. Aliishia hapo, akakaa. Marehemu alisimamishwa kazi wiki hiyo. Watu wakaanza kuitazama nyumba yake kwa macho mengine, wakijiuliza bati jipya lile lilitoka wapi. Lilitoka kwa dada yake, kwa taarifa yao.

Dada alimjia. "Mdogo wangu, kwa nini husemi?"

"Nikisema niliharibu makusudi, nani ataamini?"

"Waonyeshe."

"Nikiwaonyesha, dada, mtaa umekwisha. Nitafundishia nini?"

"Na usipowaonyesha?"

Alikuwa anasikiliza, maana nyumba yake ilipakana na zile mpya: ng'ambo ya uzio wapangaji walikuwa wanachota maji machafu kwa ndoo, na mtoto wa yule mama alikuwa amelazwa kwa kuharisha. Aliomba viatu vyake.

Asubuhi ya Jumamosi alikwenda na chokaa kwenye kopo, dada yake akimshika mkono, maana miguu ilikuwa bado ya kuazima. Wapangaji walikuja na majembe na matusi. Aliweka alama ya kwanza. "Hapa bomba linapanda. Fukua." Wakafukua, bomba linapanda. "Hapa chemba haina plasta." Wakafunua, haina. Kila alipoweka chokaa ubovu ulikuwepo, na kila ulipoonekana uso wake ulizidi kusinyaa, kama mtu anayetoa vyombo vyake nje mwenyewe. Alipomaliza yule mama akamkabili.

"Umejuaje vyote?"

"Niliviweka mimi."

"Kwa nini, baba, kwa nini?"

"Ili wanafunzi wangu wajifunze kutoniamini hata mimi. Kosa langu ni kwamba sikumwambia mtu. Niliogopa siri itavuja. Ikavuja njia nyingine."

Mama yule alimwelewa, na yuko nasi leo. Wengine waliondoka wakinong'ona kwamba hata mwizi anajua alikoficha. Mtaa ulirekebishwa wote, kwa kusimamiwa na yeye, na maji yanateremka mpaka leo. Mtoto alipona. Marehemu alirudishwa kazini bila maelezo, kama alivyoondolewa, akafundisha kwa michoro na kwa kupeleka wanafunzi kwenye mitaro ya watu wengine hadi alipostaafu mwaka 2011. Hakuomba kiwanja kingine. Lakini lile neno lililosemwa nusu halikumaliziwa, na miaka yote hii wapo wanaosalimia familia hii kwa kukonyezana.

Figo zilimrudia mwaka 2021. Hakumwamini daktari mpaka alipoonyeshwa picha zake mwenyewe, akauliza mrija upi unakwenda wapi, na daktari akamchorea. Aliridhika na mchoro, matokeo hakuyapenda. Mke wake alimwuguza, na wanafunzi wake wa zamani walipokezana kumpeleka kusafishwa damu. Alifariki nyumbani Jumanne, tarehe 9 Mei 2023, mchana, mkono wake ukiwa katika mkono wa mkewe.

Katika ratiba mliyoshika mtaona kwamba baada ya wasifu huu atazungumza mkuu wa idara mstaafu. Ameomba mwenyewe. Juzi alipokuja kutoa pole, dada wa marehemu alimkaribisha kiti, akamwuliza atasema nini.

"Nitasema alikuwa mchapakazi, mama."

"Hilo tunalo. Nyumba zile nani aliamuru ziunganishwe?"

"Mama, hayo yamepita."

"Kwako yamepita. Wewe unarudi nyumbani kwako. Yeye anakwenda chini na jina hilo."

Mzee wa watu alivua kofia, akaiweka gotini. Kisha akasema, "Ni mimi niliyeamuru. Sikumwuliza."

"Nimekusikia. Sasa na wao wakusikie."

Amekubali, na familia inamshukuru. Lakini kukubali sebuleni ni jambo moja na kukubali mbele za watu ni jingine, ndiyo maana limechapwa hapa. Akisema, mpokeeni kwa heshima, maana si rahisi. Akipita kando, tafadhali msiondoke. Tutangoja.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, dada yake mkubwa, mdogo wake wa kiume, wakwe, mashemeji, na wanafunzi ambao hadi leo wanagonga kuta za watu.

Mungu ampe pumziko, na jina lake lipumzike pamoja naye.