Mwalimu Aliyeharibu Kazi za Wanafunzi Wake

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti tukae pamoja. Jumanne iliyopita tulimpoteza mwalimu wa kompyuta ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Kagua. Alikuwa na miaka hamsini na nane. Kwa miaka kumi na tisa alifundisha kuandika programu katika chuo cha ufundi, ghorofa ya pili, juu ya duka la vioo. Wengi tulimpenda. Wengi pia tulimshuku, na hilo leo sitalificha.

Jina alilipata utotoni. Kaka yake, fundi wa majokofu, anasema kopo likiandikwa sukari, dada yake lazima aonje kwanza. "Siku moja ikawa chumvi kweli. Tangu hapo nyumbani hatukupumua."

Kozi yake ilikuwa ya miezi sita. Wazazi walitaka kitu kimoja: ajira. Mkuu wa chuo naye alitaka hicho hicho. Waajiri walishamwandikia wanachohitaji: fomu hizi, tovuti hizi, basi. Mama Kagua aliyafundisha yote hayo, Jumatatu hadi Alhamisi. Ijumaa hakufundisha kitu. Wanafunzi walifika wakakuta programu zao zimeharibika. Kila mmoja, mstari mmoja tu. Walishinda wakiutafuta, na kutafuta huko kuliwapeleka kusikoandikwa kwenye mtaala: namna mashine inavyohesabu siku, inavyokumbuka, inavyosahau.

Ila hawakujua ni nani anayeharibu. Wakatiliana shaka. Marafiki wawili waliacha kusalimiana. Mmoja alibandika karatasi kwenye kompyuta yake: "Nakujua." Hakumjua. Mwishowe mkuu wa chuo alijibanza stoo Alhamisi jioni, katikati ya mafagio, akamwona mwalimu wake mwenyewe akipita mashine kwa mashine.

"Kumbe panya ni wewe?"

"Ni mimi, mkuu. Hawa wakijua fomu tu, fomu zikibadilika watakwenda wapi?"

Mkuu alimwacha aendelee, kwa sharti moja. Siku ya waajiri, kazi zote ziwe safi.

Waajiri walitoa taarifa Alhamisi moja saa kumi jioni: wanakuja kesho asubuhi. Mama Kagua alikuwa ameshaharibu. Akarudi kurekebisha. Kazi zilikuwa kumi na mbili. Alirekebisha kumi na moja.

Ya kumi na mbili ilikuwa ya binti aliyeitwa Kimya, kwa kuwa hata hodi alibisha kama anaomba radhi. Programu yake ilipanga miadi ya wagonjwa wa kliniki. Mbele ya wageni ikawapanga wagonjwa wote Jumapili, siku ambayo kliniki imefungwa. Wageni walicheka. Wenzake saba walichukuliwa kazi siku hiyo. Kimya hakuchukuliwa.

Mama yake, fundi cherehani, alipanda ngazi za chuo na utepe wa kupimia ukiwa bado shingoni. "Umemchagua mwanangu kwa sababu hana wa kumsemea," alimwambia.

Mama Kagua alijibu neno moja: nilisahau. Nani angeamini? Mtu wa kukagua kila kitu, asahau hicho kimoja? Mimi nilikuwa jirani yake, ukuta kwa ukuta. Nilimsalimia, lakini moyoni nilikuwa na langu.

Aliwaandikia waajiri kwamba kosa ni lake. Hawakujibu. Tangu hapo akawa anawaambia wanafunzi wapya siku ya kwanza kabisa: Alhamisi nitawaharibia, kwa hiyo nakala safi ya kuombea kazi kaeni nayo wenyewe. Kimya alishinda mwaka mzima akimsaidia mama yake kushona vifungo. Kisha akapata kazi hospitalini, kurekebisha programu zilizoachwa na watu walioondoka zamani. Kazi ya kutafuta mstari mmoja. Hata hivyo, hakumsamehe mwalimu wake.

Ikapita miaka saba. Mwezi uliopita chuo kilimwita Kimya afute kumbukumbu za kompyuta kuukuu iliyokuwa ikihifadhi kazi zote. Ndani yake akakuta saa ambazo kila kazi ilifunguliwa Alhamisi ile. Kumi na moja zilifuatana, dakika mbili mbili. Ya kumi na mbili ilifunguliwa saa kumi na moja na dakika tano, ikaachwa wazi. Akaenda kumuuliza kaka wa mwalimu.

"Saa hiyo nilimpigia simu mimi," kaka alisema. "Baba yetu alikuwa ameanguka bafuni."

Kimya alimfuata mwalimu, ambaye tayari alikuwa mgonjwa kitandani. Akamuuliza kwa nini hakujitetea miaka yote hiyo.

"Baba alianguka, mimi nikasahau," Mama Kagua alimjibu. "Hayo ni mambo mawili. Wewe uliumizwa na la pili."

Kwa kaka mtu, kwa familia, na kwa wote waliopita katika chumba kile, poleni sana. Mungu awape subira. Nanyi wasikilizaji wapendwa, kama yupo mnayemshuku, mwendeeni mkamuulize angali na sauti ya kujibu. Habari hii Kimya alinisimulia makaburini. Mimi ukuta mmoja ulinishinda kwa miaka saba.