Kitambaa cha Bakary Dalali

Mheshimiwa Liwali wetu, Bwana Akida, majumbe mliotoka Miteja na kwingineko, Bwana Alibhai na wenye maduka wote wa Kivinje, na nyinyi kina mama mlio nyuma ya pazia, mnaocheka hata sijasema kitu: Assalaam alaykum.

Mimi ni Fakihi bin Dadi, dalali, mshindani wa Bakary tangu sote wawili tuna ndevu nyeusi. Kesho mwenzangu anaacha kazi na kuhamia Milola kwa dada yake, na wateja wake wote wataangukia mikononi mwangu. Kwa hiyo mkiniona nachekacheka leo, mna haki ya kunishuku.

Watu husema dalali ni mtu wa maneno. Uongo mtupu! Dalali wa kweli ni kitambaa chake. Mwenye nta anaingiza mkono chini ya kitambaa, mnunuzi anaingiza wake, vidole vinabanana, bei inapatikana, na jirani aliyekodoa macho anarudi kwake hajaambulia kitu. Nani katika mji huu hajawahi kufunikwa mkono na Bakary?

Kumbukeni vita vilipokwisha, njaa ikawa kali kuliko bunduki. Wenzetu waliopigana na serikali wamejificha porini, wanaogopa kutoka. Akida wa wakati ule, si huyu wetu, anasema, "Watoke kwanza, ndipo niwape mbegu." Mzee wao anajibu, "Atoe mbegu kwanza, ndipo tutoke." Na mvua hizo zinakuja! Nani angekubali kuonekana amelegea mbele ya watu wake? Bakary akaenda, kitambaa begani, akawaketisha wote wawili, akawafunika mikono. Walibanana vidole mpaka jasho likawatiririka. Walipoachana, mbegu zilitoka na watu walitoka, na mpaka leo hakuna ajuaye nani alilegea kwanza. Nilikuwepo, nikalia mbele za watu bila haya. Watoto wanaopiga kelele hapo nje wamekuzwa kwa mtama ule.

Lakini waungwana, kinyozi hajinyoi, na akijinyoa hujikata. Huyu aliyewapatanisha wakubwa na wadogo, kila asubuhi hununua vitumbua kwa Bibi Siti, mjane wa watu, pale karibu na forodha. Je, mmewahi kumsikia akiomba apunguziwe? Bakary huyu, ambaye angeweza kupatana bei na mvua! Akitajiwa bei, analipa. Vitumbua vikiungua, anakula na kusema alhamdulillahi. Nilimtazama siku moja nikajua: hii si njaa.

Na kesho anakwenda zake Milola, hajasema hata neno moja. Usiinamishe kichwa, Bakary, sijamaliza. Kitambaa chako hiki hapa, nimekiiba mwenyewe kwenye kapu lako. Leo mimi ndiye mshenga. Bwana Nassibu, wewe ni kaka yake Siti: chukua kitambaa, ingia nyuma ya pazia, mshike mkono dada yako. Akikubana kidole, amekubali. Akikunjua mkono, basi, tumsindikize Bakary kwa machozi.

Taratibu, kina mama! Vigelegele vya nini, na jibu halijatoka?

Haya, anarudi. Mbona kitambaa kimekunjwa? Sema, bwana, tusikie sote... Loo! Waungwana, Bibi Siti hakutoa hata kidole. Amekirudisha kitambaa, na ujumbe ndio huu: "Mwambieni nimengoja siku zote hizo aombe apunguziwe bei, walau nipate la kuzungumza naye. Dalali simtaki, mshenga simtaki. Kama ana neno, alitoe kwa mdomo wake, watu wasikie."

Bakary, ndugu yangu, mshindani wangu, kumbe wateja wako siwapati tena, na moyo wangu umejaa furaha! Leo hakuna pa kuficha mkono. Simama.

Mheshimiwa Liwali, waungwana, kina mama, asanteni sana kwa kunisikiliza mimi. Sasa nyamazeni, msikilizeni yeye.