Ufunguo wa Komeo

Benchi letu liko kwenye kona, mkabala na nyumba ya Dada Birika, na mguu wake mmoja umetegewa tofali tangu nilipoanza kunyoa watu hapa. Dada Birika ndiye muuza kahawa wetu. Asubuhi ile alimwaga kahawa nje ya kikombe mara mbili, na hakuna aliyemtania. Mdogo wake alikuwa anatoka gerezani siku hiyo, baada ya miaka tisa. Tulimwita Komeo, maana hakuna komeo la mtaa huu lililowahi kumshinda. Dada mtu alikuwa amechongesha ufunguo wa pili wa nyumba yake, kaufunga kwenye pindo la mtandio.

— Niambieni nyinyi wanaume, akasema. Nimpe ufunguo, nisimpe?

— Mpe, akajibu Wakili, ambaye sheria aliisomea kwa kuuza stempu nje ya mahakama. Gereza ni shule, dada yangu. Samaki mkunje angali mbichi.

— Mbichi? akadakia Msumari, fundi viatu. Kaingia ana miaka arobaini! Huyo ni ng'onda, kashakauka.

— Basi wamemloweka miaka tisa.

— Hujui kitu. Mimi kiatu nakitia kwenye kalibu ya mbao siku tatu, kinanyooka, mwenyewe unakisifu. Mvua moja tu, kimerudi kulekule.

— Labda kalibu ndiyo mbovu, nikachomekea.

— Kinyozi, nyoa.

Daktari anauza dawa za kuku, na kawaida yake husubiri wenzake wachoke.

— Nyote mmekosea dozi. Wizi ni minyoo. Unamnywesha kuku dawa, halafu unamrudisha banda lilelile chafu. Umetibu nini? Litibiwe banda!

— Banda ndilo nani? akauliza Msumari.

— Sisi.

— Ebo! Mimi nimemfundisha nani kuiba?

— Zile soli ulizonibandikia mwezi jana ulizitoa wapi?

Tulicheka sana. Msumari akapata haja ya ghafla ya kunoa kisu.

— Sikilizeni, Daktari akapandisha sauti. Tufungwe sisi, mtaa mzima, mwaka mmoja. Komeo abaki nje peke yake. Tukirudi tukakuta vitu vyetu vipo, kapona.

— Na wafungwa wenzangu wakiniibia huko ndani? akauliza Msumari.

— Wenzako si ndio sisi?

— Ndiyo maana nauliza.

— Ndiyo wahenga wakasema, haba na haba hujaza kibaba, Wakili akahitimisha.

Kibaba kiliingiaje hapo, hakuna aliyejua.

— Mimi nimeuliza ufunguo, akasema Dada Birika.

Niliona haya kwelikweli. Yeye alikwenda kumwona kila mwezi, miaka yote tisa. Sisi wenye nadharia hatukwenda hata mara moja.

Komeo akatokea na mfuko wa plastiki mkononi, kichwa kimejaa mvi.

— Shikamoo, dada.

— Marahaba, baba. Karibu nyumbani.

Akatusalimu mmoja mmoja, amesimama. Msumari akausogeza mfuko wa vifaa vyake kwa mguu, ukaingia chini ya benchi. Komeo aliona. Dada Birika naye aliona, na papo hapo akafungua fundo la mtandio, akamwekea ufunguo kiganjani.

— Nenda kapumzike. Nakuja na kahawa.

Wakili akanipiga kumbo kana kwamba ameshinda kesi.

Komeo akavuka barabara. Alipofika mlangoni, akarudi nyuma hatua moja, akasimama wima kama mfungwa mbele ya askari, mikono ubavuni, ufunguo ndani ya ngumi.

— Anapima kitasa, akanong'ona Msumari. Si niliwaambia?

Hakuwa anapima chochote. Alikuwa anasubiri. Tukamaliza vikombe vyetu, bado kasimama. Mwishowe akageuka, akatuuliza kwa adabu kabisa:

— Samahani, jamaa zangu. Hapa nani anafungua?

Dada Birika akaliweka birika chini, akavuka kwenda kumshika mkono.