Siku ya Zuhura

Kwenye treni ya asubuhi, mfagiaji wa wodi aliyetoka zamu alikuwa akipitia maswali ya maarifa ya jumla ya mtihani wa kuwa msaidizi wa maabara. Angeufanya siku hiyo, kwa mara ya tatu. "Sayari ya Zuhura, siku yake ni ndefu kuliko mwaka wake," alisoma huku akipiga miayo. Dereva mstaafu aliyeketi kando yake akacheka. "Siku izidi mwaka? Hapo umesinzia, mwanangu."

"Inajizungusha polepole mno, baba."

"Nimeendesha malori miaka thelathini, nyota hiyo nikiiona kila alfajiri," alisema, kana kwamba aliwahi kuibeba. "Andika mwaka ndio mrefu."

"Labda nimechoka kweli," akajibu mfagiaji.

Mimi niliyeketi mbele yao nilijua mfagiaji hakukosea. Nikiwa bado natafuta namna ya kumpinga mzee bila kumvunjia heshima, treni ikasimama. Mfagiaji akashuka akinong'ona, "Mwaka, mwaka, mwaka."